Namba moja kwenye karatasi: kisa cha Kento Momota

Tarehe 28 Julai 2021, katika ukumbi wa Musashino Forest jijini Tokyo, mchezaji wa kwanza duniani wa mpira wa vinyoya (badminton) alifungwa na mchezaji wa 38. Seti mbili tu, 15–21 na 19–21. Viti vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona, kwa hiyo hata kelele za kumzomea au kumpa moyo hazikuwepo. Kento Momota, Mjapani, akicheza Olimpiki ya nyumbani kwao, aliyeingia akiwa amepangwa wa kwanza kwa mmoja mmoja wanaume, akatolewa hatua ya makundi na Heo Kwang-hee wa Korea Kusini.

Kwa wasioufuata mpira wa vinyoya, kundi lile lilikuwa na watu watatu. Momota alikwisha kumfunga Mmarekani Timothy Lam bila jasho. Anayesonga mbele ni kinara wa kundi peke yake, hivyo mechi moja ilitosha kumrudisha nyumbani. Na Heo naye hakufika mbali. Raundi iliyofuata alifungwa na Kevin Cordón wa Guatemala.

Simulizi iliyozoeleka ni fupi: Momota alipata ajali ya gari, akaharibika jicho, kipaji kikazimika. Ni simulizi ya kweli, ila imeruka jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa hiki. Kuanzia Januari 2020 hadi siku ile ya Tokyo, karibu mwaka na nusu, Momota alicheza mashindano mamoja tu ya kimataifa. Muda wote huo jina lake lilikaa juu kabisa ya orodha ya viwango. Aliumia pale ambapo mchezo wake ulikuwa unaegemea zaidi, kisha ulimwengu ukafungwa, na orodha ikaendelea kusema yuko salama.

Ili tuelewe alichopoteza, tuangalie kwanza alikuwa mchezaji wa namna gani.

Uwanja wa mchezaji mmoja mmoja una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 5.18. Wavu katikati una kimo cha mita 1.524. Kinyoya chenyewe kina uzito wa kama gramu tano, manyoya 16 yamechomekwa kwenye kizibo, na kikipigwa kwa nguvu hutoka kama risasi halafu hewa ikakivuta shati, kikapungua mwendo ghafla. Hii ndiyo sababu mchezo huu una shule mbili. Wapo wanaotegemea bega, wenye kimo na kishindo, wanaopiga kutoka juu mpaka mpinzani akose pa kukimbilia. Na wapo wanaotegemea mkono na jicho.

Momota ni wa shule ya pili. Ana kimo cha sentimita 175, mkono wake ni wa kushoto, na smashi yake, yaani pigo la nguvu la kutoka juu kwenda chini, haikuwa ya kutisha. Aliwaua watu wavuni. Alikuwa akisogea mbele, anainua raketi, halafu anasubiri. Anasubiri kidogo zaidi ya vile mpinzani anavyoweza kuvumilia. Mpinzani akihama tu, kinyoya kinadondoshwa upande wa pili, au kinasukumwa nyuma hadi mstari wa mwisho. Ukimrushia smashi, anairudisha laini kana kwamba amepokea glasi ya maji. Ukitazama mechi zake za 2019 utaona wapinzani wakiinama na kushika magoti baada ya mikwaju mirefu, na yeye amesimama wima. Alikuwa anawachosha kwa umbali wa sentimita, na mtu anayeishi kwa sentimita hawezi kuwa na jicho linalosema "labda".

Alizaliwa Septemba 1994 mkoa wa Kagawa. Baba yake alimpa jina la Kento akimfikiria Clark Kent, yule Superman wa vitabu vya katuni. Akiwa bado mtoto wa shule alipelekwa mbali na kwao, Tomioka katika mkoa wa Fukushima, kwenye shule iliyosifika kwa vinyoya. Machi 2011, tetemeko, tsunami na ajali ya kinu cha nyuklia vilipoikumba Fukushima, yeye alikuwa Indonesia mazoezini. Mji wa Tomioka ukahamwa, na timu ya shule ikaendelea kufanya mazoezi Inawashiro, ndani zaidi ya mkoa. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa vijana, mjini Chiba.

Kupanda kwake kulikuwa kwa haraka. Mwaka 2014 alikuwa kwenye timu ya Japani iliyotwaa Kombe la Thomas, mashindano ya dunia ya timu za wanaume, kwa mara ya kwanza, New Delhi, kwa kuifunga Malaysia 3–2. Mwaka 2015 akashinda Singapore Open, akapata shaba ya dunia Jakarta, na Desemba akafunga mwaka Dubai kwa kumchapa Viktor Axelsen wa Denmark kwenye fainali ya mashindano ya wachezaji bora wa msimu. Axelsen huyo mshike, tutamhitaji.

Halafu akajiharibia mwenyewe. Aprili 2016, miezi minne kabla ya Olimpiki ya Rio, akiwa wa pili duniani, ilibainika kwamba yeye na mkubwa wake katika timu, Kenichi Tago, walikuwa wakienda kwenye kasino haramu Tokyo. Japani kamari ya namna hiyo ni kosa la jinai. Momota alikuwa amekwenda mara kama sita na kupoteza yeni 500,000 hivi; Tago alikuwa amezama zaidi, hadi yeni milioni 10. Shirikisho la Japani likamfungia Momota bila kutaja mwisho wa adhabu, na Rio ikapita akiitazama kwa mbali.

Wengi hulitaja tukio hili kama doa la ujana na kuendelea. Mimi nalisoma kama jaribio la kwanza la kile kilichokuja baadaye, kwa sababu matokeo yake yalikuwa kinyume kabisa. Alikaa nje zaidi ya mwaka mmoja. Aliporudi Mei 2017 ilibidi aanzie chini, na mwezi Julai alikuwa wa 282 duniani. Hakuna aliyemhifadhia nafasi. Akaenda Canada Open, akafika fainali, akafungwa na Mjapani mwenzake Kanta Tsuneyama. Akashinda mashindano ya Ubelgiji, ya Czech, ya Uholanzi, kisha Macau. Ni mashindano ya viwanja vidogo, yasiyo na watazamaji wengi, mahali ambapo mtu anapigania pointi na kuondoka na ndege ya usiku. Na yeye mwenyewe amekiri kwamba kabla ya kufungiwa alikuwa mvivu wa kukimbia. Aliporudi, pumzi ndiyo iliyokuwa silaha yake mpya.

Hapa ndipo inafaa kueleza orodha ya viwango inavyofanya kazi, maana kisa kizima kinazunguka hapo. Shirikisho la dunia huhesabu matokeo ya wiki 52 zilizopita na kuchukua kumi yaliyo bora. Pointi za mwaka jana zikitimiza mwaka zinadondoka, na usipoweka nyingine mahali pake, unashuka. Waafrika wanaijua shuruti hii vizuri. Edwin Ekiring wa Uganda, aliyecheza Olimpiki ya Beijing 2008 na London 2012, asingefika huko bila kuzifukuzia pointi hizo nje ya nchi. Orodha ni kama deni la duka la mtaani: lazima ulilipe kila mara, la sivyo jina linafutwa.

Mwaka 2018 Momota alilipa deni lake lote. Aprili akawa bingwa wa Asia, Wuhan, akiwapita Lee Chong Wei wa Malaysia katika nusu fainali na Chen Long wa China, bingwa wa Olimpiki ya Rio, katika fainali. Agosti, Nanjing, akamfunga Mchina Shi Yuqi mbele ya Wachina wenyewe, 21–11 na 21–13, na kuwa Mjapani wa kwanza mwanamume kutwaa ubingwa wa dunia wa mmoja mmoja. Mwishoni mwa Septemba alikuwa namba moja. Kutoka 282 hadi 1 kwa miezi kumi na minne hivi.

Kuhusu 2019 sitamaliza nikianza. Alitwaa mataji 11 katika mwaka mmoja, rekodi ambayo Guinness waliiandika. Ya zamani, ya mataji kumi, ilikuwa ya Lee Chong Wei. Ubingwa wa dunia Basel aliutetea kwa kumfunga Anders Antonsen wa Denmark 21–9, 21–3. Nimeitazama seti ile ya pili mara kadhaa na bado sijui Antonsen angefanya nini tofauti. All England, mashindano makubwa ya Uingereza, akaichukua pia, Mjapani wa kwanza mwanamume kufanya hivyo katika mmoja mmoja. Fedha za zawadi za mwaka huo zilipita dola 500,000.

Januari 12, 2020, Kuala Lumpur, akaanza mwaka mpya pale alipouachia ule wa zamani. Fainali ya Malaysia Masters dhidi ya Axelsen, 24–22, 21–11. Ilikuwa mara ya 14 anamfunga Mdenmark huyo, na Momota alikuwa amefungwa naye mara moja tu.

Alfajiri ya tarehe 13, gari dogo la abiria lililokuwa linampeleka uwanja wa ndege liligonga lori kwa nyuma kwenye barabara kuu. Dereva alifariki. Waliokuwa ndani pamoja na Momota, wakiwemo wenzake wawili wa benchi la timu, walijeruhiwa. Yeye alivunjika pua na kuchanika usoni. Madaktari walimpima, wakamruhusu, akarudi Japani, na magazeti yakaandika kwamba amepona chupuchupu.

Mwezi Februari alirudi mazoezini, akaona kinyoya kimoja kimekuwa viwili.

Vipimo vikaonyesha mfupa unaozunguka jicho la kulia umepasuka. Akafanyiwa upasuaji, na kabla Februari haijaisha alikuwa ameanza mazoezi mepesi. Tuliofuatilia wakati ule tulikuwa tunapiga hesabu kwa vidole: Olimpiki ni Julai, anayo miezi mitano, itatosha. Ndipo korona ikaingia. Machi 2020 mashindano yakasimama, Olimpiki ikasogezwa mwaka mmoja, na watu wengi, mimi nikiwa mmojawapo, tukasema Mungu amemwonea huruma. Mwaka mzima wa kupona!

Ninaamini sasa kwamba tulikosea. Nionyeshe kwa nini.

Shirikisho lilipositisha mashindano liligandisha pia orodha ya viwango. Ilikuwa haki, huwezi kumshusha mtu kwa kutocheza mechi ambazo hazipo. Orodha ilipofunguliwa tena, pointi za zamani ziliachwa ziendelee kuhesabiwa kwa muda. Maana yake ni kwamba kabati lote la mataji ya 2019 lilibaki kwenye mizani likimshikilia Momota juu, bila yeye kuweka jipya hata moja. Mwaka 2017 orodha ilimwambia ukweli mchungu: wewe ni wa 282, panda. Safari hii ilimwambia uongo mtamu.

Na kila alipotaka kujipima, mlango ulifungwa. Desemba 2020 alishinda ubingwa wa taifa wa Japani, jambo lililotupa matumaini, ingawa wapinzani wake pale walikuwa wale wale anaofanya nao mazoezi. Januari 2021 timu ilipokuwa inaondoka kwenda Thailand, ambako mashindano makubwa matatu yalipangwa mfululizo, alipimwa uwanja wa ndege wa Narita akakutwa na korona. Timu nzima ya Japani ikajiondoa. Machi akafika Birmingham kwa All England, akashinda mechi mbili, na robo fainali akafungwa na Lee Zii Jia wa Malaysia, 16–21, 19–21. Baada ya hapo Tokyo.

Mechi tatu za kimataifa katika miezi kumi na minane. Kwa mchezaji wa smashi pengine si janga kubwa, bega halisahau upesi. Kwa mchezaji wa wavuni ni jambo jingine kabisa, kwa sababu ule uwezo wa kusubiri haujengwi mazoezini. Unajengwa mbele ya mtu usiyemjua, pointi ni 19–19, naye anataka kukuvunja. Ongeza hapo jicho ambalo limewahi kukudanganya. Hata kama madaktari wamelirekebisha, mkono umeshajifunza kutoliamini, na mkono usioamini haungoji. Unapiga mapema. Ndicho nilichokiona dhidi ya Heo: kinyoya ambacho 2019 angekishikilia hadi mpinzani ajikwae, sasa anakiachia upesi, kwa usalama, katikati ya uwanja. Heo hakuhitaji kuwa Chen Long. Alihitaji kukimbia tu na kutoogopa jina, na mtu wa 38 mbele ya wa kwanza hana cha kuogopa.

Yupo atakayesema namtafutia Momota visingizio, kwamba presha ya Olimpiki ya nyumbani ingemwangusha yeyote. Presha ilikuwepo, silikatai. Ila presha huondoka michezo ikiisha, na kilichofuata hakikuondoka.

Oktoba 2021, fainali ya Denmark Open, Axelsen dhidi ya Momota. Mjapani alichukua seti ya kwanza 22–20. Axelsen akachukua mbili zilizobaki, 21–18 na 21–12. Ukitazama mpangilio wa pointi zenyewe utaona mwili unavyoisha hatua kwa hatua. Na Axelsen hakuwa yule wa vipigo 14. Alikuwa amejijenga upya, mtu wa sentimita 194 anayeshuka chini kulinda kama mfupi, amebeba dhahabu ya Tokyo, na mwaka huo huo akahamishia maisha na mazoezi yake Dubai. Hili nalo simulizi ya ajali hulisahau. Wakati mmoja anapona, mwingine hakulala.

Novemba Momota alishinda Indonesia Masters kwa kumfunga Antonsen, taji lake la kwanza la kimataifa tangu ajali. Nilifurahi kama mtoto. Siku chache baadaye mgongo ukamtoa kwenye mashindano ya kufunga msimu na pia kwenye ubingwa wa dunia. Desemba Axelsen akashika namba moja, na orodha ikaacha kusema uongo.

Kama kuna mechi moja ninayoweza kumwonyesha mtu ili aelewe kisa hiki, si ile ya Tokyo. Ni ya Julai 3, 2022, fainali ya Malaysia Open, Kuala Lumpur, ukumbi wa Axiata. Ukumbi ule ule aliotoka usiku ule wa Januari 2020 na kikombe mkononi, mpinzani yule yule. Kufika fainali tu kulikuwa mafanikio. Matokeo: 4–21, 7–21. Jumla ya pointi 11 katika seti mbili, dhidi ya mtu ambaye Momota aliwahi kumfunga mara 14. Axelsen hakusherehekea sana. Agosti, ubingwa wa dunia ukiwa Tokyo, Momota alitoka raundi ya pili mbele ya HS Prannoy wa India.

Je, pangekuwa na njia nyingine? Nimelifikiria swali hili kwa muda. Kocha mkali pengine angemvua kimya kimya lile joho la namba moja, akamtendea kama wa 282 tena, akambadilishia mchezo: asisubiri wavuni, ashambulie mapema, afupishe mikwaju. Lakini nani angemwambia bingwa wa dunia mara mbili aache kilichompa ubingwa, wakati karatasi inasema yeye ndiye bora na Olimpiki iko mlangoni? Mwaka 2017 kushuka kulimlazimisha kubadilika. Mwaka 2020 hakushuka, kwa hiyo hakuna aliyemlazimisha kitu. Yeye naye hakuwa na mechi za kumwambia.

Novemba 2023 alishinda Korea Masters huko Gwangju, kwa seti tatu dhidi ya Mjapani mwenzake Koki Watanabe. Mashindano ya ngazi ya chini kwa mtu wa historia yake, yanayofanana kidogo na yale ya Ubelgiji na Czech alikopita akipanda. Aprili 18, 2024, aliwaita waandishi wa habari na kutangaza kwamba anaacha kuichezea Japani, akiwa na umri wa miaka 29. Alieleza kwamba baada ya ajali palikuwa na pengo kati ya anachotaka kukifanya na kile mwili unachokubali, na kwamba haoni tena njia ya kurudi kileleni mwa dunia. Olimpiki ya Paris haikuwa yake. Japani iliwapeleka Kodai Naraoka na Kenta Nishimoto.

Mashindano yake ya mwisho ya kimataifa yalikuwa Kombe la Thomas, Chengdu, siku chache baada ya tangazo hilo. Kombe lile lile alilolibeba akiwa na miaka 19.